Nilimtia Hatiani Kijana wa Watu kwa Neno Moja

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi. Wakili aliisema huku akipekua faili: "The grand jury returned a true bill. He has been indicted." Mbele yake waliketi baba na mama wa kijana wa miaka 19 aliyekuwa mahabusu kwa wiki ya pili. Pembeni yao nilikuwa mimi, mkalimani wao. Nikawageukia, nikasema kwa Kiswahili: "Baraza la mahakama limetoa jibu. Limesema ni kweli. Kijana amepatikana na hatia."

Wakili hakuwa amesema hayo. Alichosema ni kwamba jopo la raia, yaani "grand jury", limeona kuna sababu ya kumfungulia kijana mashtaka.

Naandika kwa sababu kila mara nasikia Mswahili mwenzangu ughaibuni ameombwa "akatafsiri kidogo" polisi au mahakamani, kwa kuwa tu Kiingereza chake ni kizuri. Mimi nilikuwa mmoja wao. Baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili familia ile isitambulike, maana siri ya mteja inamfuata mkalimani hata kesi ikiisha.

Nimekulia Arusha. Sekondari nilisoma seminari, ambako padri mzee alitukaririsha Kilatini alfajiri kabla ya chai, tukisinzia: dico, dixi, dictum, dicere. Upadri haukuwa wito wangu. Nikawa mwalimu wa Kiingereza na Kiswahili kwa miaka 11, kisha maisha yakanileta Ohio, Marekani, ambako nilianza kukalimani hospitalini na kwenye vikao vya wazazi shuleni. Nilikuwa nimesoma kozi ya saa 40 ya ukalimani wa hospitali. Nilijua kusema kongosho na shinikizo la damu. Siku wakala wangu aliponipigia kuuliza kama ningeweza kwenda ofisini kwa wakili, ambako malipo ya saa yalizidi ya hospitali kwa dola 15, nilijibu ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Sikuuliza ni kesi gani, wala imefika hatua gani. Hilo ndilo kosa la kwanza, na limetangulia yote mengine.

Familia ilitoka Kivu ya Kusini, ikapitia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu kwa miaka mingi, kisha ikaletwa Marekani. Tulielewana vizuri. Waliniita mwalimu tangu dakika ya kwanza, nami nilijisikia nyumbani. Kijana wao alikuwa amekamatwa ndani ya gari la wizi pamoja na wenzake wawili, na alikuwa akidai hakujua kama gari ni la wizi.

Sasa nieleze nilivyopotoka, kwa sababu sikubuni tu. Nilikuwa na sababu zangu, na zote zilionekana za maana.

Kwanza, nilisikia neno "jury". Kwetu Tanzania, watu wa kawaida wanaokaa na hakimu au jaji tumezoea kuwaita wazee wa baraza, na hao wanasikiliza kesi yenyewe, mashahidi na kila kitu. Kichwani mwangu picha ikawa hiyo. Pili, nilikuwa nimesikia kwenye runinga jinsi "jury" inavyorudisha "verdict", yaani uamuzi wa mwisho. Hapa nikasikia kitenzi kilekile, kurudisha, nikajua kesi imeisha. Tatu, "true bill": hati ya kweli. Kama wamesema ni kweli, basi amekosa. Nne ni neno lenyewe, "indict". Nilikuwa nalifahamu kwa macho, katika magazeti, na miaka yote nililisoma kichwani "indikti". Wakili alitamka "indait". Nusu sekunde iliniponyoka nikilitafuta lile neno, na badala ya kuinua mkono niseme sijaelewa, nikaziba pengo kwa nilichokisia.

Mama hakulia pale pale. Aliinamisha kichwa, akauliza kwa sauti ndogo: "Batamufunga miaka ngapi, mwalimu?" Nikamgeuzia wakili swali. Wakili akajibu kwamba ni mapema mno kusema, inategemea mambo mengi. Hata jibu hilo halikunishtua. Mtu akishajenga picha kichwani, kila kinachofuata anakilazimisha kiingie mle.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi baba alienda kumwona mwanawe. Jumatatu asubuhi tulikuwa mahakamani, kijana anasomewa mashtaka. Jaji akamuuliza anajibu nini kwa shtaka la kwanza. Wakili hajafungua kinywa, kijana akasema kwa Kiswahili: "Nakubali. Si mumeshanihukumu?"

Nilitafsiri yote aliyosema, bila kuongeza wala kupunguza, kama sheria ya kazi inavyotaka. Jaji akavua miwani. Akauliza: umehukumiwa na nani? Kijana akajibu kwamba baba yake ndiye aliyemwambia, na baba aliambiwa kwa wakili. Nikiwa natafsiri jibu hilo kwenda Kiingereza, ndipo nikasikia kwa masikio yangu mwenyewe nilichokifanya Alhamisi. Miguu iliniisha nguvu. Nilishika kingo za meza.

Nilimwomba jaji niongee na wakili. Akatupa dakika 10. Pale kwenye korido nilimweleza wakili kila kitu, bila kujitetea, kwa sababu sikuwa na cha kujitetea nacho. Tuliporudi aliomba mteja wake aandikwe kuwa amekana mashtaka yote mawili, na ikaandikwa hivyo. Mkalimani mwingine akatafutwa siku hiyohiyo. Kama wakili angechelewa, au jaji angekuwa mwenye haraka, kijana yule angeweza kukiri kosa kwa sababu ya neno langu. Bado usiku mwingine nalifikiria hilo.

Wakala aliniondoa kwenye kazi za mahakama kwa miezi minne. Kwa hesabu yangu nilipoteza karibu dola 2,000, na kozi ya ukalimani wa mahakama niliyoisoma baadaye ilinigharimu dola 480 za mfukoni. Fedha niliweza kuzieleza kwa mke wangu. Aibu sikuweza kumweleza mtu.

Usiku ule wa Jumatatu sikulala. Niliketi jikoni nikaandika "indict" juu ya karatasi, nikalitazama. Ile "c" isiyotamkwa ndiyo iliyoniamsha. Kwa nini iwepo kama haisemwi? Nikaona in, nikaona dict. Nikamsikia padri mzee: dico, dixi, dictum. Kusema! Neno hili limetoka Kilatini, kwenye dicere, kusema, kupitia dictare, kusema kwa kurudiarudia au kumsomea mwandishi aandike. Lilipita kwanza kwa Wafaransa waliotawala Uingereza, huko likapoteza "c" yake, ambayo haitamkwi hadi leo, kisha wasomi wa Kiingereza, kwa mapenzi yao ya Kilatini, wakairudisha "c" kwenye maandishi bila kugusa matamshi. Maana yake tangu mwanzo ni kuandika neno dhidi ya mtu, kulitangaza rasmi. Basi. Limesemwa, limeandikwa. Halijathibitishwa.

Kisha nikaandika chini yake "verdict". Dict ileile. Lakini mbele yake kuna ver, kutoka verus, kweli. Vere dictum: lililosemwa kwa kweli. Maneno mawili ya mama mmoja, na kati yao ndimo inamokaa kesi nzima: mashahidi, vielelezo, utetezi, miezi ya kusubiri. Nilikuwa nimemvusha kijana wa watu kutoka neno la kwanza hadi la pili bila kesi katikati, na funguo ya kuyatofautisha nilikuwa nimeibeba kichwani tangu nikiwa na miaka 15.

Ile "true bill" nayo nikaifuatilia. Zamani Uingereza jopo hili likiridhika, waliandika nyuma ya hati maneno ya Kilatini billa vera. Lisiporidhika waliandika neno moja: ignoramus, hatujui. Sikiliza vizuri neno hilo. Hawakuandika kwamba mtu hana hatia. Waliandika hatujui, maana kujua hakukuwa kazi yao. Kwa hiyo na ile "kweli" ya upande wa pili ni kweli ndogo tu: karatasi hii ina uzito wa kutosha kupelekwa mbele.

Na jopo lenyewe si wazee wa baraza hata kidogo. Lina mizizi tangu karne ya 12, enzi za Mfalme Henry II, wakati watu wa kila eneo walipotakiwa kutaja chini ya kiapo wanaoshukiwa uhalifu. Waingereza wenyewe waliachana nalo katika karne ya 20, ila Wamarekani wameliweka kwenye katiba yao, katika marekebisho ya tano ya mwaka 1791. Katika mahakama za shirikisho lina watu 16 hadi 23, na wakikubali 12 mashtaka yanafunguliwa. Hapa Ohio ni watu 9, wanatosha 7. Wanakaa faragha, wanasikiliza upande wa mashtaka. Wakili wa utetezi hayumo. Hakuna anayetoka mle amehukumiwa, kwa sababu hata kutetewa hajatetewa. Siku hizi silitafsiri kwa neno moja. Nasema "jopo la raia linalopima kama kuna sababu ya kufungua mashtaka". Ni refu, na wakili mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini nachukua muda mrefu kwa maneno mawili. Nilimwambia kwamba Kiswahili hakina kitu hicho, kwa hiyo nakieleza.

Kuanzia usiku ule nina daftari. Kila neno la mashtaka naliandika pamoja na mfupa wake wa Kilatini na hatua lilipo katika kesi. "Accuse" ni ad na causa, kumwita mtu kwenye shauri. Causa kwa Kirumi ilikuwa sababu na ilikuwa pia kesi. Katika daftari hilo nimeandika kwa wino mwekundu kwamba "kesi" yetu haikutokana na causa ingawa inafanana. Imekuja kwa Kiingereza kutoka casus, tukio, jambo lililoanguka. Kufanana kwa sauti kusimdanganye mtu. "Charge" ni kubebesha mzigo, kutoka carrus, gari la mizigo. Mzigo unaweza kutuliwa. "Arraign" imetoka kwenye ratio, hesabu au hoja: unaitwa uje ujibu, na Kiswahili chetu kina maneno safi kabisa ya hatua hiyo, kusomewa mashtaka. Ukifika "convict" ndipo penye hatari, maana mle ndani kuna vincere, kushinda. Ameshindwa. Hapo sasa, na hapo tu, ndipo mkalimani ana ruhusa ya kutamka neno hatia kama jambo lililokwisha.

Ndiyo maana maneno yetu nayo nayaheshimu kuliko zamani. Kushtaki tumelipata kwa Waarabu, ambako ni kulalamika. Mshtakiwa ni mtu aliyelalamikiwa. Mtuhumiwa ni mtu anayedhaniwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosema ametenda, na bado mitaani na redioni tunayachanganya na mhalifu kana kwamba ni visawe. Mimi nililelewa katika mji ambao ungepaswa kunifundisha hili mapema. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliundwa Novemba 1994 na ikafanya kazi Arusha hadi 2015. Tulipita nje ya majengo yale kila siku, tukiwaita wote waliokuwa wakiletwa mle wauaji. Iliwafungulia mashtaka watu 93. Waliotiwa hatiani ni wengi, na makosa yao ni ya kutisha. Lakini 14 waliachiwa huru baada ya kusikilizwa. Hao 14 tuliwahukumu barabarani, kwenye daladala, kwa kutojua tofauti ya maneno mawili.

Kuna jambo moja katika daftari lile lililonifariji, na nalitaja kwa ajili ya mkalimani mwenzangu aliyewahi kukosea. Pale seminari tulijifunza uambishaji wa nomino za Kilatini: nominativus, genitivus, dativus, accusativus. Sikuwahi kujiuliza kwa nini hali ya yambwa, kitu kinachotendwa, iitwe "ya kushtaki". Kumbe Warumi walikuwa wakitafsiri istilahi ya Wagiriki. Kwa Kigiriki, aitia ni sababu na ni mashtaka pia. Wagiriki yaelekea walimaanisha kilichosababishwa. Warumi wakachukua maana ya pili. Watafsiri wa Roma waliteleza kwenye neno la kushtaki, na kuteleza kwao kumo katika vitabu vya sarufi mpaka leo, zaidi ya miaka 2,000 baadaye. Tofauti yangu na wao ni kwamba kwao hakuna kijana aliyekuwa rumande.

Kwa anayeanza kazi hii, ningependa ujue kwamba sentensi ya thamani kuliko zote mahakamani ni hii: "Mkalimani anaomba ufafanuzi." Inasemwa hivyo hivyo, kwa nafsi ya tatu, ili kumbukumbu ionyeshe anayesema ni mkalimani na si mshtakiwa. Niliogopa kuisema Alhamisi ile kwa kudhani wakili angeona sijui Kiingereza. Nimeisema mara mamia tangu hapo, na hakuna aliyenidharau. Ukikosea, iko dada yake: "Mkalimani anaomba kusahihisha." Iseme papo hapo. Kosa la dakika moja linasahihishwa kwa dakika moja. Langu lilikaa siku nne, likafika Nyarugusu.

Kabla hujakubali kazi, uliza ni kesi gani, iko hatua gani, na kama unaweza kuiona hati ya mashtaka mapema. Mara nyingi wanakupa. Na usijigeuze mshauri. Familia itakuvuta pembeni, itakuita mwalimu, itakuuliza unaonaje. Rudisha swali kwa wakili, kila swali, hata lile unalodhani unalijua. Mimi nilidhani najua.

Nanyi familia, msimwachie mkalimani awe mlango pekee. Muulizeni wakili mambo matatu kila mkionana: tuko hatua gani, inayofuata ni ipi, na ni lini. Mkimuuliza hivyo, hata mkalimani akiwa amekosea, kosa litajitokeza lenyewe. Lau baba yule angeuliza "inayofuata ni ipi?" Alhamisi ile, wakili angejibu "kesi", nami ningegutuka.

Baada ya miezi saba upande wa mashtaka uliyaondoa mashtaka yote mawili dhidi ya kijana. Nilipata habari kwa wakili, nikamwomba ruhusa ya kwenda kuwaomba radhi wazazi. Alisema kesi imekwisha, wenyewe wakikubali hana neno. Wakakubali.

Nilikwenda na mke wangu, tukabeba kilo mbili za dagaa kutoka duka la Waafrika. Mama alitupokea vizuri, akatuandalia chai. Nilipomaliza kusema niliyokwenda kusema, alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema bila hasira: "Mwalimu, ulinizikia mutoto muzima." Akanieleza kwamba dada yake kule kambini alitandika mkeka siku ile ile, majirani wakaja kumpa pole, na baba mzaa baba akaacha kula siku mbili. Habari ya kusahihisha ilipofika, wengine hawakuiamini. Wapo mpaka leo wanaodhani kijana alifungwa, akatoroka. Hilo siwezi kulirekebisha. Niliomba namba ya yule dada, nikampigia mbele yao, nikamweleza mimi mwenyewe kwamba kosa lilikuwa langu.

Nimerudi mahakamani sasa, mwaka wa tatu. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye korido na mama mwingine, wa Bujumbura, kitenge kimemfunika mpaka kidevuni. Wakili wake akatamka neno lilelile. Nilivuta pumzi, nikasema: "Jopo la raia limepima, limeona kuna sababu ya kumfungulia mwanao mashtaka. Mashtaka yameandikwa. Kesi haijaanza."

Akanitazama. "Kwa hiyo bado?"

Nilimgeukia wakili. Ilinichukua maneno kumi ya Kiingereza kuifikisha hiyo "bado" moja, kwa maana Kiingereza hakina neno linalobeba peke yake yote iliyobeba. Wakili akasikiliza, akajibu kwa urefu, akieleza tarehe na hatua, nami nikamtafsiria mama yote, neno kwa neno, mpaka sentensi ya mwisho.

"Bado, mama."

Akalegeza kitenge, akakaa.